Kupunguza Kambi ya Jeshi la Kigeni: Kwa Ratiba ya Pamoja, kwa Amri, au kwa Kubakiza Wachache?

Tanzania haina kambi ya kudumu ya jeshi la kigeni, na pengine ndiyo sababu wengi wetu hapa Dodoma huuona mjadala wa kufunga au kupunguza kambi za namna hiyo kuwa ni mambo ya Sahel, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, na Bahari ya Pasifiki. Hata hivyo mikataba inayohitaji kuridhiwa hupelekwa kwenye Bunge lililo katika jiji hili, kwa mujibu wa Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba. Maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje waliohamia Mji wa Serikali Mtumba ndio wanaokaa meza moja na wenzao wa Dakar na Djibouti katika vikao vya Umoja wa Afrika. Na vijana wanaosoma uhusiano wa kimataifa katika Chuo Kikuu cha Dodoma ndio watakaoandika taarifa za ushauri miaka michache ijayo. Ni vyema basi watu hao, na mwananchi yeyote anayefuatilia mambo ya dunia, wawe na namna ya kupima njia zilizopo pale kambi ya kigeni inapofikia kupunguzwa.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni ratiba ya pamoja: mwenyeji, au wakati mwingine mgeni mwenyewe, anaamua kwamba kambi iondoke, kisha pande zote mbili zinakaa pamoja na kupanga nani anakabidhi nini na lini, kama ilivyofanyika Senegal na Côte d'Ivoire mwaka 2025, na kama ilivyofanyika Singapore zaidi ya nusu karne iliyopita. Ya pili ni amri: mwenyeji anafuta mkataba na kumtaka mgeni afungashe, kama ilivyokuwa Niger na, kwa kiasi, Chad. Ya tatu ni kupunguza bila kufunga, yaani askari wanapungua, kambi inabadilishwa jina au matumizi, lakini bendera ya mgeni haiondoki kabisa. Ninachopima katika ulinganisho huu si idadi ya askari waliopanda ndege, kwa kuwa idadi hiyo huhesabiwa kwa siku moja na kusahauliwa. Ninapima kinachobaki baada yao: hali ya ubalozi, msimamo wa majirani, nani anaingia katika nafasi iliyoachwa, na kama pande hizo mbili zinaweza kuitana tena bila aibu.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa nchi iliyo na serikali thabiti, ratiba ya pamoja yenye tarehe iliyoandikwa ndiyo njia bora, ila kwa sharti kwamba uamuzi utangazwe na mwenyeji mwenyewe. Njia ya tatu, ambayo huonekana kuwa ya upole kuliko zote, naiona kuwa ndiyo yenye hatari nyingi zilizofichika.

Nani anatangaza, na kwa maneno gani

Tarehe 28 Novemba 2024 nchi mbili zilizungumza juu ya jambo moja kwa namna mbili. Rais Bassirou Diomaye Faye wa Senegal aliviambia vyombo vya habari vya Ufaransa kwamba kuwapo kwa askari wa Ufaransa nchini mwake hakupatani na mamlaka ya taifa huru. Jioni ya siku hiyohiyo Chad ikatangaza kuvunja makubaliano yake ya ulinzi na Ufaransa, saa chache tu baada ya waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Jean-Noël Barrot, kumaliza ziara yake nchini humo.

Kwa maana ya uamuzi, matamko hayo mawili yalilingana: kila moja lilisema askari waondoke. Kwa maana ya diplomasia, yalitofautiana sana. Faye aliongea huku mazungumzo mengine yakiwa yanaendelea, kwani siku hizo hizo Rais Emmanuel Macron alikuwa amemwandikia barua akikiri kwamba yaliyotokea Thiaroye, karibu na Dakar, tarehe 1 Desemba 1944 yalikuwa mauaji ya halaiki, walipopigwa risasi askari wa Kiafrika waliokuwa wakidai malipo yao baada ya kuitumikia Ufaransa vitani. Kwa hiyo suala la kambi liliwekwa ndani ya mazungumzo mapana ya heshima na historia. Senegal ilieleza kwamba Ufaransa inabaki kuwa mshirika, na mnamo Februari 2025 nchi hizo zikaunda kamati ya pamoja ya kusimamia makabidhiano. Chad, kwa upande wake, iliiacha Paris ikitafuta maneno ya kusema mbele ya waandishi, na jambo kama hilo waziri aliyetoka kupeana mikono na wenyeji wake halisahau upesi.

Mgeni naye anaweza kuiharibu ratiba nzuri kwa maneno yake. Mapema Januari 2025 Macron aliwaambia mabalozi wake kwamba kuondoka kulikuwa kumezungumzwa na pande zote, kwamba Ufaransa iliwaachia viongozi wa Afrika watangaze kwanza kwa adabu, na kwamba baadhi yao walisahau kushukuru. Waziri Mkuu wa Senegal, Ousmane Sonko, alikanusha hadharani, akisisitiza kwamba uamuzi ulikuwa wa Senegal peke yake. Serikali ya Chad nayo ikalalamika waziwazi. Tukio hilo linaeleza kwa nini nasisitiza suala la mtangazaji. Mgeni anayedai kwamba yeye ndiye aliyepanga kuondoka anamnyang'anya mwenyeji kile ambacho wananchi wake walikuwa wakikidai, na serikali mwenyeji hulazimika kujibu kwa ukali ambao haikuukusudia. Hasara ya kauli moja hulipwa na maofisa wa ngazi za chini wanaoendelea kukutana kila wiki kupanga makabidhiano.

Ubalozi wa Niamey na ubalozi wa Dakar

Tofauti kati ya ratiba na amri huonekana wazi zaidi ukiziweka Niger na Senegal bega kwa bega. Niger, baada ya mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 26 Julai 2023, utawala mpya ulifuta makubaliano ya kijeshi na Ufaransa, kisha ukampa balozi wa Ufaransa saa 48 aondoke. Paris ilikataa kwa hoja kwamba haiutambui utawala huo, na kwa wiki kadhaa balozi alibaki amezingirwa katika jengo lake. Mwishoni mwa Septemba Macron alikubali kumrudisha balozi na askari wapatao 1,500. Wa mwisho kati yao waliondoka tarehe 22 Desemba 2023, na ubalozi wenyewe ukafungwa. Mgogoro haukuishia kwenye kambi: mwaka 2024 kampuni ya Orano ya Ufaransa ilinyang'anywa leseni ya machimbo ya urani ya Imouraren, na Juni 2025 Niger ikatangaza kutaifisha Somaïr, kampuni ya uchimbaji ambayo Orano ilikuwa na hisa nyingi ndani yake.

Senegal ilikabidhiwa majengo ya kwanza Machi 2025, na tarehe 17 Julai 2025 ikafanyika hafla ya makabidhiano ya mwisho katika kambi ya Geille, eneo la Ouakam jijini Dakar, wakiwapo majenerali wa pande zote mbili. Askari wa Ufaransa waliokuwa huko walikuwa takriban 350, na kuwapo kwao kulikuwa hakujakatika tangu uhuru wa mwaka 1960. Hakuna ubalozi uliofungwa na hakuna balozi aliyefukuzwa.

Mtetezi wa njia ya amri atasema kwamba Niger haikuwa na nafasi ya kuchagua, kwa kuwa mgeni alikataa hata kuitambua serikali iliyokuwa madarakani. Hoja hiyo ina uzito. Ratiba ya pamoja inahitaji pande mbili zinazokubali kwamba kila mmoja ana haki ya kutia saini, na pale utambuzi huo unapokosekana, kamati ya pamoja haina wa kukaa ndani yake. Lakini nchi iliyo katika hali hiyo inapaswa kujua kwamba bei yake itadaiwa katika maeneo yasiyo ya kijeshi: visa za wanafunzi, misaada ya maendeleo, na vikao vya jumuiya za kikanda. Niger ilikuwa tayari chini ya vikwazo vya ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, kwa sababu ya mapinduzi, na mwishowe yenyewe, Mali na Burkina Faso zilijitoa rasmi katika jumuiya hiyo Januari 2025. Siwezi kudai kwamba kambi ndiyo iliyosababisha kujitoa huko, ila ugomvi na Ufaransa na ugomvi na majirani uliingiliana hadi ikawa vigumu kuutatua mmoja bila mwingine.

Chad inakaa katikati. Iliamua kwa ghafla, lakini makabidhiano yake yalifuata mpangilio: Faya-Largeau Desemba 2024, Abéché Januari 2025, na kambi ya N'Djamena tarehe 30 Januari 2025. Ghafla ya tangazo haikulazimisha ghafla ya utekelezaji, na hilo ni funzo kwa yeyote anayedhani kwamba kiongozi akishatamka neno kali, maofisa wake hawana tena la kufanya.

Nafasi iliyoachwa

Swali ambalo mabalozi wa nchi nyingine huliuliza kwanza ni hili: nani anaingia? Niger ilipoitaka Marekani nayo iondoke, kwa kufuta makubaliano Machi 2024, wakufunzi wa Kirusi waliwasili Niamey mwezi uliofuata na kukaa katika eneo lilelile la uwanja wa ndege ambamo Wamarekani walikuwa bado hawajatoka. Marekani ilikabidhi kituo chake cha Agadez, kilichojengwa kwa zaidi ya dola milioni 100 kwa ajili ya ndege zisizo na rubani, mwezi Agosti, na ikamaliza kuondoka kufikia tarehe ya mwisho iliyokubaliwa, katikati ya Septemba 2024. Inafaa kutambua kwamba na Marekani Niger ilifika kwenye ratiba ya pamoja iliyotiwa saini Mei, tofauti na ilivyokuwa na Ufaransa, na ubalozi wa Marekani haukufungwa. Nchi moja, katika muda wa mwaka mmoja hivi, ilitumia njia mbili na kupata matokeo mawili.

Historia yetu wenyewe ina mfano ambao haupewi nafasi inayostahili. Askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, walipoasi tarehe 20 Januari 1964 katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Uingereza, na makomando wake walitua tarehe 25 Januari. Kwa rais aliyekuwa akihubiri uhuru kamili wa Afrika, kuwa na jeshi la mkoloni wa jana barabarani lilikuwa jambo zito mno. Alichofanya ni kuitisha mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika jijini Dar es Salaam Februari mwaka huo, akaeleza hali ilivyokuwa, na likapatikana jeshi la Nigeria kuchukua nafasi ya Waingereza wakati Tanganyika ikijenga jeshi jipya kuanzia chini. Uingereza iliondoka bila kudhalilishwa, nafasi ikajazwa na mwenzetu wa Afrika kwa baraka za bara zima, na Wanigeria nao wakaondoka baadaye mwaka huohuo. Sijaona mfano mwingine uliofungwa kwa usafi wa namna hiyo, na siri yake ni kwamba mrithi wa nafasi alitafutwa kabla mgeni hajaondoka, tena akatafutwa hadharani.

Mkoa huu una mfano wake pia, ingawa ni wa aina nyingine. Kongwa, ambako Waingereza walijaribu mradi wao wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, palikuwa na kambi za wapiganaji wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo kuanzia miaka ya 1960. Hao walikuwa wageni wenye silaha katika ardhi yetu, lakini walikuja chini ya kamati ya ukombozi ya Afrika, na kusudi la kukaa kwao lilikuwa na mwisho uliojulikana: uhuru wa nchi zao. Walipoondoka hapakuwa na mgogoro wa nani anamiliki nini, na serikali zilizozaliwa kutoka kwao zimebaki kuwa marafiki wa Tanzania. Wageni wenye kusudi linaloisha ni rahisi kuagana nao kuliko wenye kusudi la kudumu.

Kupunguza bila kufunga

Gabon iliifanya kambi ya de Gaulle ya Libreville kuwa ya pamoja, yenye mafunzo ndani yake, na Djibouti ilihuisha mkataba wake na Ufaransa mwaka 2024, askari wapatao 1,500 wakiendelea kukaa pamoja na vikosi vya Marekani, Japani, Italia na China vilivyo katika nchi hiyo ndogo. Côte d'Ivoire ilipokea kambi ya Port-Bouët tarehe 20 Februari 2025, ikaipa jina la Thomas d'Aquin Ouattara, mkuu wake wa kwanza wa majeshi, na bado ikakubali kubaki na Wafaransa wachache wa kutoa mafunzo. Kwa mtazamo wa haraka hii ndiyo njia ya busara: hakuna anayetukanwa, mafunzo yanaendelea, na ajira za raia hazikatiki zote kwa siku moja.

Hofu yangu ni kwamba wachache wanaobaki wasipokuwa chini ya sheria ya mwenyeji, ugomvi wote wa zamani unabaki nao. Wananchi hawahesabu askari. Wanachouliza ni kama askari wa kigeni akitenda kosa atahukumiwa na mahakama ya nani. Wakenya wa maeneo ya Nanyuki wamelibishania suala hilo kwa miaka mingi kuhusu wanajeshi wa Uingereza wanaofanya mazoezi huko, na idadi ndogo ya wanajeshi hao wa kudumu haijaupoza mjadala. Mwenyeji akitangaza kwamba kambi imefungwa ilhali kinga za zamani zinaendelea, siku ya tukio baya serikali yake yenyewe ndiyo itakayoulizwa kwa nini ilidanganya.

Hatari nyingine ni kwamba anayepunguza anaweza kutumia upunguzaji kama fimbo. Mwaka 2020 Rais Donald Trump alitangaza kuwaondoa askari wapatao 12,000 kutoka Ujerumani, akihusisha jambo hilo na malalamiko yake juu ya bajeti ya ulinzi ya nchi hiyo. Mpango ulisimamishwa na mrithi wake mwaka uliofuata, lakini Berlin ilikuwa imeshajifunza kwamba ahadi inaweza kubadilika kila uchaguzi. Sisi tulilijua hilo mapema. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania ilikubali ofisi ya konseli ya Ujerumani Mashariki ifunguliwe Dar es Salaam. Mwalimu alijibu kwa kuwataka waondoe na misaada yao mingine, na mafunzo ya kijeshi yakachukuliwa na Kanada. Jibu hilo liligharimu fedha, na naamini lilistahili gharama yake, kwa sababu kila aliyekuja baadaye na msaada wenye kamba alijua kamba hiyo inaweza kukatwa na mpokeaji.

Mlango wa kurudi

Seneti ya Ufilipino ilipoukataa mkataba mpya wa kambi za Marekani tarehe 16 Septemba 1991, kura 12 dhidi ya 11, wengi walidhani uhusiano umekwisha. Marekani iliondoka katika kambi ya majini ya Subic Novemba 1992, na kambi ya Clark ilikuwa imeshaachwa baada ya mlipuko wa volkano ya Pinatubo. Miaka michache baadaye, mapema 1995, ilibainika kwamba China imejenga kwenye Mwamba wa Mischief, eneo ambalo Ufilipino inalidai. Mwaka 1999 Seneti ileile iliridhia mkataba wa askari wanaozuru, mwaka 2014 ukaja mwingine wa ushirikiano wa ulinzi, na mwaka 2023 maeneo ambayo Marekani inaruhusiwa kuyatumia yakafikia tisa. Mlango ulifunguka tena kwa sababu ulikuwa umefungwa kwa kura ya chombo halali: Washington haikuwa na wa kumlaumu isipokuwa katiba ya mwenyeji wake. Kilichobaki bila kupona ni mazingira. Mkataba wa mwaka 1947 haukuilazimisha Marekani kusafisha kemikali ilizoacha, na malalamiko ya wakazi wa maeneo hayo yameendelea kwa miongo.

Singapore ndiyo ninayoipendekeza isomwe kwa makini zaidi. Januari 1968 serikali ya Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, iliamua kuondoa majeshi yake mashariki ya Mfereji wa Suez, na kambi za Uingereza zilikuwa zikichangia takriban sehemu moja ya tano ya uchumi wa kisiwa hicho ambacho uhuru wake ulikuwa haujafika miaka mitatu. Hapa mwenyeji hakutaka mgeni aondoke, na angeweza kulalamika hadi mwisho. Waziri Mkuu wa Singapore, Lee Kuan Yew, alisafiri hadi London na kuomba muda: akapata nyongeza ya miezi kadhaa, hadi mwisho wa 1971, pamoja na msaada wa pauni milioni 50 na majengo ya kambi. Gati la jeshi la majini la Sembawang likageuzwa kuwa karakana ya meli za biashara. Novemba 1971 Uingereza, Australia, New Zealand, Malaysia na Singapore zikaanza mpango wa ulinzi wa nchi tano ambao bado upo hadi leo. Kambi iliondoka, ushauriano ukabaki.

Ukichagua, chagua kwa hali uliyo nayo

Serikali iliyochaguliwa, yenye mgeni anayeitambua na wananchi wanaotaka kambi iondoke, ichukue njia ya Senegal, na ijihadhari mgeni asitangulie kujisifu. Serikali isiyotambuliwa na mgeni wake haitakwepa njia ya amri, lakini inaweza kuitenganisha na ubalozi: askari watakiwe kuondoka, balozi aachwe, maana Niger ilipochanganya mambo hayo mawili na Ufaransa ilipoteza hata mahali pa kupeleka malalamiko. Nchi ambayo uchumi wake unaitegemea kambi, au inayoachwa bila kupenda, isipoteze nguvu katika kumzuia mgeni. Iombe muda, mali na mpango wa kushauriana, kama Singapore.

Anayechagua kubakiza wachache anahitaji maandishi makali kuliko wote: idadi ya juu ya askari, kusudi lao, tarehe ya mwisho, mahakama itakayowahukumu, na haki ya kila upande kutoa notisi. Wabunge wanapoletewa mkataba wa aina hiyo waombe pia viambatisho, kwa kuwa mara nyingi masuala ya kinga, kodi na usafishaji wa mazingira hukaa huko, na waulize wafanyakazi raia wa kambi watalipwa na nani siku ya makabidhiano. Katika Dakar suala la mafao ya wafanyakazi hao lilijitokeza kabla bendera haijashushwa, na aliyetazamiwa kulijibu, pamoja na mwajiri wao wa Kifaransa, alikuwa ni serikali ya Senegal.